Mzee Aliyeandika Kupita Hesabu

Najwa Salmin alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilijulikana na mtaa mzima wa Bondeni, Nakuru: duka lake la kuchapa na kutengeneza kompyuta, ambako watu walileta barua za maombi, kadi za harusi na mashine zilizomwagikiwa chai. Ya pili ilijulikana na watu kama sitini hivi duniani, na wengi wao hajawahi kuwatia machoni. Najwa ndiye aliyekuwa mtunzaji wa Mwandani.

Mwandani ni programu ya kuandikia. Haina rangi wala madoido ya herufi, na picha haizijui kabisa. Inaishi kwenye DOS, ule mfumo wa zamani wa skrini nyeusi ambao watu wengi waliuaga miaka mingi iliyopita. Unaifungua, kijistari kinapepesa, unaandika. Ila ina jambo moja linalowafanya watumiaji wake waipende kama ndugu: inafundishika. Ukitaka ifanye kitu isichokijua, unaiandikia amri chache, unazipa jina, na kuanzia siku hiyo inajua. Daktari mmoja mstaafu wa Ureno aliifundisha kupanga mapishi ya marehemu mama yake. Mtu mwingine, wa kisiwa ambacho Najwa alilazimika kukitafuta kwenye ramani, aliifundisha kumkumbusha kulisha kuku.

Na ilikuwa ya bure, msimbo wake, yaani amri zote zinazoiunda, na kila kitu, tangu Mwalimu Jamleck alipoiandika mwaka wa 1994 katika chuo kimoja cha ufundi mjini Nakuru, akawa anawagawia wanafunzi wake kwenye diski. Najwa alipita mikononi mwake miaka michache baadaye. Mwalimu alipostaafu na kurudi kwao upande wa Nyahururu kufuga sungura, alimwita chuoni akamkabidhi msimbo wote. "Itunze," alimwambia. "Mtu akilalamika, msikilize. Mara nyingi huwa na haki." Hakumwambia lingine.

Ilikuwa sasa miaka kumi na miwili. Kila Ijumaa alasiri, duka likiwa limetulia, Najwa alisoma malalamiko yaliyoingia kwa barua pepe, akatafuta hitilafu, akarekebisha, akatoa toleo jipya. Mumewe Abdisalam, muuza spea za malori, hakuielewa kazi hiyo hata kidogo, ila aliiheshimu kwa namna yake. Aliiita "mgonjwa wako". Akiingia dukani na kumkuta mkewe amekodolea macho skrini nyeusi, huuliza, "Mgonjwa ameamkaje leo, mke wangu?"

"Ana homa kidogo."

"Mpe uji," husema Abdisalam, na kwenda zake.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika kasi, simu ya duka ililia mapema, Najwa akiwa bado anafuta vumbi.

"Hallo? Hii ni kwa watu wa Mwandani?"

Kitambaa kilimponyoka. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuipigia simu Mwandani. Namba ya duka ilikuwa ndani ya programu, kwenye ukurasa wa msaada, lakini aliiweka tu kama mtu anavyoandika jina lake nyuma ya picha.

"Ndiyo, ni mimi. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Chesang, niko huku Kuresoi. Babangu ndiye anatumia hiyo kitu. Amekataa kuzima mashine mpaka aongee na wewe, hii ni siku ya pili. Ngoja nimpatie."

Ikaja sauti ya mzee, nzito na ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima.

"Habari ya Nakuru, mama? Mimi ni mwalimu Kimutai, mstaafu. Niko na shida moja. Mwandani inaniambia niko mstari wa hasi."

"Hasi?"

"Hasi thelathini na mbili elfu, mia tano sitini na nne. Mama, nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita. Hasi naijua. Lakini hakuna kitabu duniani chenye mstari wa hasi."

Najwa aliketi juu ya katoni ya karatasi. Alikuwa ameelewa.

"Mzee, kwani umeandika mistari mingapi?"

"Sijui. Mimi huandika tu."

Kidogo kidogo, habari ilitoka. Mzee Kimutai alipoteza macho akiwa na miaka hamsini na moja, akaacha kufundisha. Mtu wa kanisani alimtafutia kompyuta kuukuu iliyokuwa ikitupwa na ofisi fulani, pamoja na kisanduku cha kusema, kile kinachounganishwa nyuma ya mashine na kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Kisanduku hicho kilielewana na DOS peke yake, na katika DOS alikuta Mwandani, ambayo yule mtu wa kanisani humletea matoleo mapya kwa diski. Tangu wakati huo, miaka kumi na tisa, alikuwa akiandika kamusi ya Kikipsigis. Haikuwa kamusi ya kunakili vitabu. Kila neno lilikuwa na mistari minne: neno lenyewe, maana yake, sentensi ambayo mzee aliisikia kweli kwa masikio yake, na jina la aliyeisema.

"Juzi walinijia akina mama wazee watano," alieleza. "Mmoja alitoka mpaka Bomet, amekuja kuona mjukuu. Walikaa na mimi kutoka asubuhi, wananipa maneno ya ng'ombe, ya kusuka vikapu, ya kugombana. Maneno mia moja na arobaini, mama! Mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia. Sikusimama hata kusevu, niliogopa nikiwakatiza watasahau. Jioni nikisevu, inakataa. Inasema mstari haupo."

"Na wale mama?"

"Wamerudi kwao. Na mimi kichwa yangu haiwezi kushika maneno yote hayo na vile yalisemwa. Yako ndani ya mashine tu."

"Basi usizime, mzee. Usizime kabisa."

"Hiyo ndiyo shida ya pili. Stima ilipotea jana na mvua. Mashine hupitia kwa betri ya lori ndiyo haikuzimika, lakini sola haijaona jua siku tatu. Chesang anasema taa ya betri imekuwa nyekundu."

Najwa alisimama. "Usiandike kitu, usifute kitu. Nakuja."

Alishangaa kusikia ameshasema. Alipogeuka, Abdisalam alikuwa mlangoni, amebeba chupa ya chai ya dukani.

"Mgonjwa?" aliuliza.

"Mahututi. Yuko Kuresoi."

Abdisalam alimtazama mkewe usoni, akaweka chupa chini, akachomoa ufunguo wa gari lao la Probox mfukoni. "Twende basi. Kwani mgonjwa mahututi huachwa?"

Walipanda barabara kuu kuelekea magharibi, wipa zikikimbizana kwenye kioo, malori yakijikokota mbele yao. Najwa alikuwa amefungua kompyuta yake mapajani na begi la nyaya miguuni. Alimweleza mumewe kwa lugha ya gari, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoielewa.

"Unajua mita ya kilomita? Ikifika tisa zote, inafanyaje?"

"Inarudi sifuri."

"Ya Mwandani ni vivyo hivyo, ila inaishia thelathini na mbili elfu, mia saba sitini na saba. Mstari unaofuata hauna pa kukaa, kwa hiyo mashine inaurusha upande wa pili, chini ya sifuri. Sasa mzee akiiambia ihifadhi, inatafuta mstari wa hasi, haiuoni, inakataa."

"Na hakuna aliyejua?"

"Hakuna aliyewahi kufika huko."

Abdisalam alipiga mluzi. "Amemaliza mita! Huyo mzee ni dereva."

Walipofika Sachangwan alipunguza mwendo akanyamaza, kama wafanyavyo watu wengi wa umri wake wapitapo hapo, mahali ambapo lori la mafuta liliwahi kulipuka na kuua watu wengi, kisha wakakata kuelekea Molo. Hapo mtandao ulikuwa mzuri, na Najwa akampigia Mwalimu Jamleck.

"Mwalimu, ile hesabu ya mistari. Kwa nini uliipa nafasi ndogo vile?"

"Wewe!" alisema Jamleck, kuku wakisikika nyuma yake, au labda sungura wake wana kelele. "Mwaka tisini na nne kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa haba kama maji ya Gilgil. Nilijiambia, hakuna binadamu ataandika mistari elfu thelathini kwenye faili moja akiwa na akili timamu."

"Basi yuko. Yuko Kuresoi."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Nipe namba yake. Nataka kumwomba msamaha mimi mwenyewe. Elfu thelathini! Na Mwandani ilimvumilia?"

"Ilimvumilia mpaka juzi."

"Basi nimezaa mtoto mzuri," alisema Jamleck, na Najwa akasikia sauti yake imelegea kidogo.

Kutoka Molo kwenda juu, ukungu ulikuwa umeinamia mashamba ya viazi. Chesang aliwangoja barabarani na mwavuli, mama wa makamo mwenye gambuti za matope na leso kichwani. Hakupoteza wakati kwa salamu. "Imeanza kulia," alisema. "Hiyo kitu ya betri. Pii, pii, pii."

Nyumba ilikuwa ya mbao, safi, imejaa harufu ya moshi na maziwa. Katika chumba cha pembeni, Mzee Kimutai aliketi wima mbele ya kompyuta ya rangi ya uji mkavu, mkono mmoja juu ya mashine kama anayempima mtoto joto. Chini ya meza, kibadilisha-umeme kilichounganishwa na betri ya lori kililia bila kupumzika.

"Karibuni," alisema mzee. "Samahani, sitasimama. Naogopa hata kutikisa sakafu."

Najwa alifungua mdomo kusema wamebakiwa na dakika chache, lakini Abdisalam alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza. Aligusa ncha za betri, akanusa, akatazama dirisha. "Hii ni volti kumi na mbili kama yangu. Dada, naomba unifungulie hilo dirisha." Akatoka mbio. Wakasikia Probox ikipanda juu ya nyasi, pua mbele, ikikaribia mpaka ukuta ukatetemeka, boneti ikafunguliwa. Abdisalam akapitisha nyaya nene za jampa dirishani, nyekundu na nyeusi, na mvua ikapita nazo. Chesang alizipokea ndani, naye Abdisalam akaingia tena, amelowa chapachapa, akazifunga nyaya kwenye betri ya lori moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa mtu aliyefanya hivyo mara elfu kando ya barabara. Injini ya Probox ikanguruma nje.

Mlio ukakoma.

Mzee akapumua. "Nani huyo?"

"Ni mume wangu," alisema Najwa, na hakukumbuka ni lini aliwahi kulisema neno hilo kwa fahari kiasi hicho.

"Tanki limejaa," alisema Abdisalam akijipangusa uso. "Mna siku nzima. Fanyeni kazi yenu."

Kazi haikuwa rahisi. Najwa alivuta kiti akajaribu njia alizozifikiria barabarani. Alijaribu kuweka alama kwenye maandishi ya siku ile ili ayahifadhi peke yake. Mwandani ikasema mstari haupo. Alijaribu kuyanakili kwenye ukurasa mwingine; mstari haupo. Kila mlango aliougonga ulikuwa na mlinzi yule yule anayedai nambari ya mstari, na nambari ilikuwa mbovu. Msimbo aliokwisha kuurekebisha kwenye kompyuta yake haukuweza kumsaidia pia, maana maneno yalikuwa ndani ya programu ya zamani iliyokuwa ikiendeshwa, na kuifunga ilikuwa ni kuyamwaga.

Alijiegemeza nyuma. Alikuwa ameanza kuogopa, na hakutaka mzee asikie.

"Umenyamaza sana," alisema Mzee Kimutai.

"Nafikiri, mzee."

"Fikiri tu. Mimi hufikiria nikisikiliza." Akanyoosha mkono, akabonyeza vitufe viwili, na kisanduku cha kusema kikaanza kusoma. Kilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua anayeongea ndani ya pipa, lakini kilisoma Kikipsigis, neno baada ya neno, kisha sentensi, kisha jina la mama fulani, kisha neno jingine. Chesang, aliyekuwa akimimina chai, alicheka. "Huyo ni Kogo Rebecca akitukana mbuzi."

Najwa alikuwa amekaa wima.

"Mzee. Hayo ni ya juzi?"

"Ya juzi. Nilianza kwa neno la kwanza la yule mama wa Bomet."

"Lakini yako kwenye mistari ya hasi! Yanasomekaje?"

"Aa, hiyo ni amri yangu mwenyewe, inaitwa Soma. Sikutaka inisumbue na namba. Niliiambia: soma mstari, shuka chini, soma, shuka, mpaka karatasi iishe. Na Kikipsigis kisanduku hakikujua, kinajua Kizungu tu. Nikatengeneza amri ingine, Tamka, inageuza kila neno liandikwe vile Mzungu angelisoma, ndiyo sauti itoke sawa. Hiyo ilinichukua miaka miwili."

Najwa aligeukia nyuma ya mashine. Waya wa kijivu ulitoka kwenye tundu la nyuma ukaenda kwenye kisanduku. Maneno yote yaliyopotea yalikuwa yakipita ndani ya waya ule, mbele ya macho yake, yakisomwa na kusahauliwa. Alianza kucheka.

"Kuna nini?" aliuliza Abdisalam.

"Ameshayaokoa! Mzee ameshayaokoa mwenyewe, tunachohitaji ni kuyapokea. Tukichomoa kisanduku, tukachomeka kompyuta yangu kwenye waya huo huo, amri yake itanisomea mimi kila mstari, nami naandika." Kisha akasita. "Ila yatakuja yamepinda. Yatakuja kwa tahajia ya Tamka."

"Basi tunaondoa Tamka," alisema mzee. "Amri zangu ziko kwenye faili yao ndogo, hazigusi kamusi. Sogea kidogo, mama."

Akavuta kibodi. Vidole vyake vilienda mbio kuliko vya Najwa, na kisanduku kikamtamkia kila herufi. Haikupita dakika mbili. "Nimeipa jina Okoa," alisema. "Sasa chomoa. Lakini ujue ukikichomoa mimi nabaki gizani kabisa. Utakuwa unaniambia kila kitu."

"Nitakuambia kila kitu."

Najwa alichomoa waya kutoka kwenye kisanduku, akauchomeka kwenye kompyuta yake kupitia kiunganishi alichokitoa kwenye begi. Chumba kikawa kimya, isipokuwa mvua, na Probox. "Tayari, mzee. Bonyeza."

Mzee alibonyeza.

Kwa muda kidogo hakukuwa na kitu. Halafu mstari ukatokea kwenye skrini yake. Ukafuata mwingine. Kisha ikawa kama bomba lililokuwa na hewa linapopata maji: mistari ikamiminika, safi, tahajia yake sawasawa.

"Inakuja!" alipiga kelele. "Mzee, inakuja!"

"Soma! Nisomee!"

Najwa, mtoto wa Bondeni, ambaye mama yake alimlea kwa Kiswahili cha Mvita na hajawahi kutamka Kikipsigis zaidi ya salamu ya *chamge*, akaanza kusoma. Alisoma vibaya. Alisoma vibaya kiasi kwamba neno la tatu lilimfanya Chesang aweke birika chini na kushika ukuta.

"Amesema nini?" aliuliza Abdisalam.

"Hata siwezi kukuambia," alisema Chesang, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Baba, mrekebishe!"

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Alimrekebisha. Najwa akarudia, akakosea kwa namna nyingine, na wakacheka upya. Lakini kila alipokosea mzee alilitambua neno, akamtaja mama aliyelisema kabla Najwa hajafika kwenye jina, na kila alipopatia jina alipiga goti lake kofi. "Huyo ndiye! Huyo ni Tapsiargaa! Endelea!"

Kicheko kile kilivuka ua. Jirani mmoja alikuja kuuliza kwa nini kuna gari linanguruma dirishani, akabaki. Akaja mwingine na mtoto mgongoni. Mpaka mistari ilipokoma, watu tisa walikuwa wamesimama mlangoni na viatu vyao mikononi, wakisubiri kusikia kama sentensi zao zimo, maana Kuresoi nzima ilijua kwamba ukisema neno zuri mbele ya Mzee Kimutai, utaingia kitabuni.

Najwa alihesabu. Mistari mia tano na sitini. Maneno mia moja na arobaini, yote.

"Yamefika, mzee. Hakuna lililobaki."

Mzee Kimutai alitafuta mkono wa Najwa hewani, Najwa akampa, naye akaushika kwa mikono yote miwili. "*Kongoi*," alimshukuru kwa lugha yake. "*Kongoi mising*."

Sasa Mwandani ya zamani ikaweza kufungwa bila woga. Najwa aliweka mpya kwa diski, kwa kuwa mashine ile haikujua kitu kingine, akafungua kamusi ilivyokuwa imehifadhiwa asubuhi ya siku ile ya akina mama, akaongeza mistari mia tano na sitini mwishoni. Kisanduku kikarudishwa mahali pake. Mzee akauliza ni mstari gani uliovunja mita.

"Wa elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane."

"Nipeleke huko. Hapana, ngoja. Nitaenda mwenyewe."

Alianzia mistari michache kabla, akashuka mmoja mmoja kwa kitufe cha mshale, na kisanduku kikataja nambari kwa ile sauti yake ya mafua. Watu mlangoni wakaanza kuhesabu pamoja nacho, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Mia saba sitini na tano. Mia saba sitini na sita. Mia saba sitini na saba. Hapo mzee akasimamisha kidole, akamfanya kila mtu angoje, maana alikuwa mwalimu na alijua thamani ya kungojesha.

Akabonyeza.

"Thelathini na mbili elfu," kilisema kisanduku, "mia saba sitini na nane."

Nyumba ililipuka. Mtu alipiga vigelegele. Abdisalam, ambaye saa tano kabla hakujua mstari ni nini, alikumbatiana na jirani aliyekuwa hajaambiwa jina lake.

"Na uko na nini, huo mstari?" Najwa aliuliza kelele zilipopungua.

Mzee akausomesha. Ulikuwa mstari wa nne wa neno lake, ule wa jina la msemaji. Kisanduku kikasema, "Chesang."

Chesang aliyekuwa na sinia la vikombe alisimama hapo hapo. "Mimi? Mimi nilisema nini?"

"Uliingia kuwapa wale mama chai," alisema baba yake, "ukasema matope ya mwaka huu yanashika mguu kama mtoto anayekataa kukuacha uende. Ukatumia neno la bibi yako la hayo matope. Nilikuwa sijalisikia miaka arobaini. Nikaliandika kabla hujatoka mlangoni."

"Baba!"

"Sasa wewe ndiye umevunja mashine," alisema mzee, na safari hii hata Chesang hakuweza kushikilia sinia vizuri.

Walikula viazi vya kuchemsha na mboga, wakanywa chai ya maziwa mengi, na mzee akaeleza kwa nini hataki simu ya kisasa ambayo watu wa mjini walimletea mara mbili. "Nikiandika neno langu, simu inalirekebisha inaweka la Kizungu. Inajifanya inajua. Mwandani haijifanyi. Ukiifundisha inasikia, usipoifundisha inanyamaza." Najwa aliyaandika maneno hayo kwenye kijitabu chake, pamoja na jina la msemaji.

Mchana mvua ilipokatika waliondoka, Probox ikiwa imebeba magunia mawili ya viazi ambayo Abdisalam aliyakataa mara tatu, yakapakiwa akiwa anakataa mara ya nne. Hawakuwa wamefika Molo simu ya Najwa ilipolia. Alikuwa Mwalimu Jamleck.

"Nimeongea na yule mwalimu wako wa Kuresoi nusu saa nzima," alisema. "Ananiambia Tamka yake ina kasoro kwenye irabu ndefu. Nimemwambia najua dawa. Kwanza, umeshawahi kuiona Tamka? Huyu mtu ni hatari! Miaka yote hiyo alikuwa wapi?"

"Alikuwa anaandika, Mwalimu."

Ijumaa iliyofuata Najwa alifunga mlango wa duka saa nane, akaketi kutoa toleo jipya. Alitia ndani Soma, Tamka na Okoa, zikiwa na jina la mwenyewe, ili kila anayetumia kisanduku cha kusema popote alipo azipate bure. Halafu akaandika tangazo, kama alivyofanya miaka kumi na miwili, ila hili lilimchukua muda mrefu kuliko mengine kwa sababu alikuwa akicheka. Liliisha hivi: "Mwandani sasa inaweza kuhesabu mistari bilioni mbili. Mwalimu Kimutai wa Kuresoi anasema atajitahidi."

Kabla ya Magharibi majibu yalikuwa yameanza. Daktari wa Ureno alitaka kujua kama kamusi itachapishwa na kama anaweza kuagiza nakala, ingawa hataelewa neno. Mtu wa kisiwani, yule wa kuku, alikiri kwamba tangu zamani alikuwa kipofu wa jicho moja na la pili lilikuwa njiani, na hakuwahi kumwambia mtu. Usiku ule ule angejaribu Soma. Najwa aliisoma barua hiyo mara mbili, akampelekea Chesang amsomee baba yake kwa sauti kule juu.

Barua ya mwisho ilitoka kwa watu wawili kwa pamoja, Jamleck na Kimutai, waliokuwa sasa wanapigiana simu kila siku na kubishana kama marafiki wa tangu jandoni. Ilikuwa orodha ya mambo kumi na moja ambayo Mwandani haiwezi kufanya na ambayo, kwa maoni yao, ni aibu.

Abdisalam aliingia, akamkuta ameinamia skrini nyeusi.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Amepona," alisema Najwa. "Na sasa wazee wake wanataka ajifunze kuimba."

Abdisalam alivuta kiti, akaketi kando yake, akakunja mikono ya shati. "Haya, nionyeshe. Tunaanzia wapi?"